Chumvi ya Chole Nyuma ya Friji

Utende, upande wa mashariki wa kisiwa cha Mafia, ni kijiji kinachoitegemea ghuba ya Chole. Hapa ndipo yalipo makao ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, na hapa ndipo wageni wanapopanda boti kwenda kupiga mbizi. Wenyeji wao wana samaki na pweza, vitu visivyongoja. Friji likilegea usiku, asubuhi kuna hasara ndani ya nyumba.

Likilegea, watu hukimbilia kusema gesi imekwisha. Mara nyingi gesi ipo. Kilichochoka ni kondensa.

Kwenye mafriji mengi kondensa ni lile bomba jembamba jeusi la nyuma, lililokunjwakunjwa na kushikwa na vijiti vya chuma. Friji halitengenezi baridi. Linachukua joto la ndani na kulitupa nje. Gesi hutoka kwenye kompresa, ambayo wengi huiita mota, ikiwa imeshindiliwa na ina moto. Ikipita kwenye kondensa hupoa na kugeuka kimiminika, nalo joto huondoka na hewa. Kimiminika hicho huingia ndani, kikachemka kwa kunyonya joto la samaki na la maji ya kunywa, kisha safari huanza upya. Hewa isipopita nyuma, joto halina pa kwenda: mota hunguruma kutwa kucha, uniti za umeme wa LUKU zinayeyuka, na barafu haishiki.

Mbali na hewa kuzibwa, Utende kuna adui wa pili. Upepo wa bahari huingia nyumbani na chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Vumbi likitua juu yake hugandamana, na pale rangi ya bomba ilipokwaruzika kutu huanza kula chuma mpaka kitoboke. Ndiyo maana desturi ya kusafisha kondensa mara moja au mbili kwa mwaka haitoshi ufukweni. Kila miezi miwili au mitatu ni afadhali.

Kazi yenyewe haina gharama. Friji huchomolewa kwenye umeme kwanza, halafu likavutwa mbele polepole. Vumbi na utando wa buibui huondolewa kwa brashi laini, kuanzia juu kwenda chini. Kisha bomba hupanguswa kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, yasiyo ya kisima cha chumvi, na kukaushwa kabisa. Penye doa la kutu pasuguliwe kwa msasa laini, kwa mkono mwepesi kwa kuwa bomba ni jembamba, kisha papakwe rangi ya kuzuia kutu, madirisha yakiwa wazi. Friji likirudishwa liachiwe nafasi ya kama sentimita 10 kutoka ukutani, mbali na jiko la mkaa, na kile kitambaa cha mapambo cha juu kisining'inie nyuma.

Mkono nao unapima. Mota ikiwa inafanya kazi, kondensa inapaswa kuwa na joto, kali zaidi upande gesi inakoingilia. Ikiwa inaunguza, hewa imezibwa. Ikiwa haina joto hata kidogo, gesi imevuja au mota haisukumi, na hapo ndipo fundi anapohitajika. Doa la mafuta lililonasa vumbi kwenye bomba huonyesha panapovuja, kwa sababu gesi hutoka na mafuta ya mota. Mafriji yasiyo na wavu nyuma huwa na kondensa ndani ya kuta za pembeni. Mbavu zake kuwa na joto si ugonjwa.

Wanunuzi wa mafriji ya mtumba wasome herufi kwenye kibandiko. Mafriji ya SN na N yameundwa kwa vyumba visivyozidi nyuzi 32, ya ST 38, na ya T 43. Friji la N kutoka Ulaya litaumia jikoni Mafia hata kondensa yake ing'ae.

Uvujaji una gharama nyingine. Gesi ya R134a, ya mafriji mengi ya zamani, hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kiasi hicho hicho cha hewa ya ukaa. Ndiyo maana mataifa yalikubaliana Kigali, mwaka 2016, kupunguza gesi za jamii hiyo. Mafia inajua madhara ya joto: mwaka 1998 joto la bahari lilipausha matumbawe yake, matumbawe ambayo Utende inayategemea.

Mafriji mengi mapya hutumia R600a, isiyo na madhara hayo ila inashika moto upesi, kwa hiyo asiyefundishwa asichomelee bomba lake. Fundi akija, aulizwe mambo matatu kabla ya bei: tundu ameliona wapi, draya, yaani kichujio cha unyevu, atabadilisha, na gesi ataipima kwa mizani? Uzito unaotakiwa umeandikwa kwa gramu kwenye kibandiko cha friji. Kujaza gesi bila kuziba tundu ni kulipia kazi ileile mara mbili.