Unga wa penseli si dawa ya kutu

Nilipokuwa nikifundisha sayansi katika shule moja ya pwani, kufuli la maabara yetu lilikuwa likikwama mara kwa mara. Fundi mmoja alitushauri tusilitie mafuta, kwani mafuta hunasa vumbi, bali tusage penseli na kupuliza unga wake ndani. Kufuli lilifunguka kwa wepesi wa ajabu. Miezi michache baadaye springi zake za chuma zilikuwa zimeliwa na kutu, ufunguo ukagoma kabisa.

Fundi hakutudanganya. Grafaiti iliyomo katika penseli ni kilainishi kizuri, kwa kuwa kaboni yake imepangwa tabaka juu ya tabaka, nazo tabaka hizo huteleza. Ila grafaiti hupitisha umeme pia. Ikigusana na chuma penye unyevu wa chumvi, viwili hivyo huwa mfano wa betri ndogo: chuma ndicho anodi, nacho ndicho kinacholika. Alumini nayo haisaliki.

Wahandisi wanaolinda vipuri vya ndege dhidi ya hewa ya bahari hulijua jambo hili vyema. Badala ya grafaiti, aghalabu hutumia unga wa molibdenamu disalfaidi, ambao nao una tabaka zitelezazo. Hata huo hauzuii kutu ukiwa peke yake. Huchanganywa na resini, ukapulizwa juu ya chuma kama rangi, kisha ukaokwa, mara nyingi kwa nyuzi 150 hivi kwa muda wa saa moja. Utando unaobaki una unene wa mikroni 10 hivi, mwembamba kuliko unywele. Resini ndiyo inayozuia maji. Tena kabla ya hapo feleji huparuzwa kwa mchanga na kutiwa fosfeti; asiyefanya hivyo amepaka rangi tu. Ubora wake hupimwa katika ukungu wa maji yenye chumvi asilimia 5, kwenye joto la nyuzi 35.

Lawama yangu ni kwetu sisi walimu. Twamkaririsha mwanafunzi kwamba grafaiti hulainisha, tukaishia hapo. Na tutumbukize misumari miwili katika maji ya chumvi, mmoja peke yake, wa pili ukiwa umefungwa kwa fimbo ya kaboni iliyotolewa katika betri kuukuu ya redio (mwalimu mwenyewe aipasue). Baada ya siku chache wanafunzi waitoe na kuilinganisha.