NIMEHAMIA FULUFREMU WADAU, SOMENI KWANZA KABLA HAMJAUZA KAMERA ZENU

Tangu nibadilishe kamera (mpya kwangu, maana ni mtumba) kila nikikutana na washkaji wa fani swali ni lile lile: eti nikihamia fulufremu picha zangu zitakuwa kali kama za wale wakubwa? Leo naandika yote kwa mpigo, maana mwenyewe nilihama kichwa kichwa, na ilibaki kidogo nimharibie mtu harusi yake.

Kwa wasionijua, mimi nilimaliza kidato cha nne, chuo sikwenda, nikaanza kupiga picha za kicheni pati, sendofu, ubarikio, na mechi za ndondo Jumapili. Kamera yangu ilikuwa Canon 600D, ile iliyotoka mwaka 2011, pamoja na lenzi nne nilizozikusanya taratibu: 18-55 iliyokuja nayo, 50 ya f/1.8, 10-18 kwa ajili ya vyumba finyu, na 70-300 ya mpira. Kilichokuwa kinaniumiza ni kumbi za usiku. MC akishazima taa kubwa maharusi wakate keki, mimi napandisha ISO mpaka 3200, halafu nyumbani nikifungua picha kwenye kompyuta nakuta shela la bi harusi lina chenga kama TV ya zamani isiyoshika stesheni.

Nikauza bodi ya 600D, nikatia na akiba yangu yote, nikanunua Canon 6D Kariakoo. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi nina harusi, na advansi nimeshaila.

Usiku ule nikachukua 18-55 niipachike. Haiingii! Nikaitoa, nikaifuta, nikajaribu tena, wapi. Nikachukua 10-18, nayo vile vile. Jasho likaanza kunitoka. Muuzaji alikuwa ameniambia, "Dogo, lenzi za Canon zote zinaingia kwenye Canon." Kumbe siyo zote. Na mimi nilikuwa nimekwenda dukani na mkoba wote, ila kwa haraka ya kupata kamera nikajaribu na ile 50 tu, ambayo iliingia bila shida.

Sasa hapa ndipo pa kuelewa. Lenzi haitengenezi picha ya pembe nne, inachora duara la mwanga. Sensa ndiyo inayokata pembe nne ndani ya lile duara. Sensa ya fulufremu ina upana wa mm 36 na urefu wa mm 24, kipimo kilichorithiwa kutoka kwenye fremu ya filamu. Oskar Barnack wa kampuni ya Leitz kule Ujerumani alichukua filamu ya sinema ya mm 35 akaitumia kwenye kamera ndogo ya mkononi, na Leica yake ikaingia sokoni mwaka 1925. Miaka mia hivi imepita na bado tunapimia hapo hapo. Sensa ya kropu ya Canon kama ya 600D ni mm 22.3 kwa 14.9. Ukizidisha utaona fulufremu ina eneo kubwa kama mara 2.6.

Chukulia khanga. Fulufremu ni khanga nzima, na pindo zake. Kropu ni mtu amekata kipande cha katikati, akakikuza mpaka kikajaa ukutani. Ua la katikati utaliona kubwa zaidi, lakini pindo zimebaki kwenye mkasi. Ndiyo maana wanasema lenzi ya 50 kwenye kropu ya Canon inakuwa kama 80, yaani unazidisha kwa 1.6. Nikon na Sony ni 1.5. Lenzi yenyewe haijarefuka hata kidogo, ni kukatwa tu.

Zile lenzi zenye alama ya mraba mweupe pale pa kupachikia, zinazoandikwa EF-S, zilitengenezwa kwa ajili ya kropu peke yake. Duara lake ni dogo, na mkia wake unaingia ndani zaidi ya kamera. Kwenye 6D kile kioo kinachoruka juu ukibonyeza ni kikubwa, kingegonga huo mkia, kwa hiyo Canon wakaziba kabisa zisiingie. Zenye nukta nyekundu, EF, zinaingia kote. Jamaa wa Nikon wana unafuu: lenzi ya DX inaingia kwenye fulufremu, ila kamera inakata picha yenyewe. D750 ya pikseli milioni 24 inabaki na kama milioni 10. Sony ni hivyo hivyo. Hata Canon za siku hizi zisizo na kioo, ukiweka adapta EF-S inakubali, lakini R6 ya milioni 20 inabakiwa na kama milioni 8. Umelipa fulufremu unapiga kropu, mahesabu gani hayo?

Ijumaa nikaenda kwa kaka mmoja wa fani aliyenitangulia, nikamweleza. Alicheka kwanza, kisha akanikodisha 24-105 ya f/4 kwa elfu hamsini. Na betri akaniongezea, maana nilikuwa sijagundua balaa la pili: betri zangu mbili za akiba za 600D haziingii kwenye 6D. Kadi za kumbukumbu tu ndizo zilizokubali.

Jumamosi ikafika. Saluni, chumba chenyewe unageuka kwa zamu, nikaweka 24 na wote wakaingia, bi harusi, somo, mashangazi. Kumbuka 24 kwenye fulufremu ni pana kuliko 18 ya kropu, ambayo ni kama 29. Usiku ukumbini nikapandisha ISO 3200, nikaenda mpaka 6400, shela likabaki jeupe na weusi wa suti ukatulia. Hapo wajameni sidanganyi, nilifurahi peke yangu kama mwehu. Siri yake ni eneo tu. Weka karai na kikombe kwenye mvua ile ile, muda ule ule, karai litakusanya maji mengi zaidi. Sensa kubwa inakusanya mwanga mwingi zaidi, kwa hiyo chenga zinapungua.

Lakini maharusi walipofungua muziki nikatoa ile 50, nikafungua f/1.8 kama nilivyozoea. Kwenye kropu nilikuwa nasimama mbali kidogo. Kwenye fulufremu, ili wajae kwenye picha kama zamani, ikabidi nisogee karibu, na ukisogea sehemu inayokaa kwenye fokasi inakuwa nyembamba. Matokeo yake macho ya bi harusi yako wazi kabisa, bwana harusi aliye nyuma yake kidogo amekuwa ukungu. Picha zaidi ya ishirini ziko hivyo! Mama mwenye shughuli alipoziona aliniuliza, "Mwanangu, mbona mkwe wangu umemfanya mzimu?" Sikuwa na jibu, nikamkata sehemu ya malipo ya mwisho.

Na hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawasemi. Ukitaka wote wawili wawe wazi kama kwenye kropu, unabidi ubane lenzi zaidi ya stopu moja. Ukibana, mwanga unapungua, unapandisha ISO, na faida yote ya usiku umeirudisha ulikoitoa. Faida ya kweli unaipata pale unapokubali huo wembamba wa fokasi, au ukiwa na flashi.

Mpira nao nimepoteza. 300 yangu ilikuwa kama 480, nakaa nyuma ya goli hili namvuta golikipa wa goli lile. Sasa 300 ni 300. Nikikata 6D ipate ukubwa ule ule, pikseli milioni 20 zinabaki milioni 8 wakati 600D ilikuwa na 18 pale pale. Kwa mtandaoni zinatosha, kwa bango hapana. Halafu uzito: 600D na 18-55 ilikuwa kama gramu 770. 6D peke yake ndiyo gramu 770, ukiweka 24-105 unapita kilo moja na nusu kasoro kidogo, na hapo hujaweka flashi ya juu, maana 6D haina ile ndogo ya kuinuka. Saa nane za harusi shingo inaongea.

Kwa hiyo anayeniuliza namjibu kwa swali: lenzi zako ni zipi? Kama zote ni za kropu, bei ya bodi uliyoiona siyo bei ya kuhama, weka na lenzi na betri ndipo ujue. Kama kilio chako ni kumbi za usiku tu, nunua flashi kwanza, uielekeze kwenye dari jeupe, utashangaa. Mimi ningeijua hiyo mapema nisingeuza. Na kama unapiga mpira au ndege, baki na kropu yako bila aibu. Mimi kwenye harusi sirudi nyuma tena, ila natafuta 600D ya bei poa nirudi nayo ndondo.

Ile 18-55 nimeshamgawia dogo mmoja mtaani. 10-18 bado ninayo, haina mchubuko, mwenye Canon ya kropu anaikaribisha laki ngapi?