Je, Wajua? Kipimo cha Mazoezi Baada ya Kuzibuliwa Ateri za Moyo
Mgonjwa wa shambulio la moyo aliyezibuliwa ateri kwa puto na kuwekewa stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma kinachoizuia ateri isisinyae tena, anaweza baadaye kutembezwa juu ya mkanda unaosogea huku umeme wa moyo, mapigo na shinikizo la damu vikifuatiliwa. Utaratibu maarufu wa kipimo hicho, uliobuniwa na Robert Bruce wa Seattle, Marekani, huanza kwa mwendo wa kilomita 2.7 kwa saa kwenye mwinuko wa asilimia 10, kisha kasi na mwinuko huongezwa kila baada ya dakika 3.

Hata hivyo, utafiti wa Korea Kusini uliotangazwa mwaka 2022, ukihusisha wagonjwa 1,706 waliozibuliwa ateri na waliokuwa katika hatari kubwa, ulionyesha kwamba kumpima kila mmoja baada ya mwaka, hata asiye na dalili, hakukupunguza vifo wala mashambulio mapya. Manufaa ya kipimo, basi, yako zaidi kwa mwenye maumivu ya kifua yaliyorejea, na kwa anayepangiwa kiwango salama cha mazoezi ya kurejesha nguvu.