Kubwa Kuliko Mapaja: Rekodi za Laptopu za Skrini Kubwa na Maoni ya Walio Nazo

Kiswahili kiliipa mashine hii jina zuri: kompyuta mpakato. Kupakata ni kumkalisha mtoto mapajani ukamzungushia mkono asianguke. Jina lenyewe basi ni ahadi kwamba kitu hiki kitakaa mapajani na kitakwenda nawe uendako.

Mimi ni mfasiri wa nyaraka. Kwa miaka mingi nilifanya kazi kwenye skrini ya inchi 13: nafungua waraka wa asili, nasoma sentensi, naufunga, nafungua tafsiri, naandika, narudi tena kwenye wa asili. Siku niliyokwenda Kariakoo kununua laptopu yangu ya kwanza ya inchi 17.3, nilikuwa nawaza macho tu. Mapaja sikuyafikiria. Leo naipenda mashine yangu kubwa kuliko chombo chochote cha kazi nilichowahi kuwa nacho, lakini ningefurahi kama mtu angenisimulia mapema habari za zile zilizovunja rekodi. Zimenifundisha mengi kuliko matangazo ya dukani.

Mwili mkubwa, kioo kidogo

Tuanzie mbali. Mwaka 1981 ilitoka Osborne 1, kompyuta ya kubeba iliyouzwa kwa dola 1,795. Ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, ikifungwa kama sanduku la cherehani, na skrini yake ilikuwa ya inchi 5 tu. Simu nyingi za leo zina kioo kikubwa kuliko hicho. Mwaka uliofuata ikaja GRiD Compass yenye skrini ya inchi 6 na kifuniko kinachofunuliwa kama kitabu, umbo tunalolijua hadi sasa. Bei yake ilikuwa dola 8,150, na shirika la NASA liliituma angani ndani ya vyombo vyake. Wakati huo kubeba kompyuta kulikuwa muujiza tosha.

Iliyofungua mlango wa inchi 17

Januari 2003, mjini San Francisco, Steve Jobs alionyesha PowerBook G4 ya inchi 17. Apple iliitangaza kuwa laptopu ya kwanza duniani yenye skrini ya ukubwa huo. Ilikuwa na kilo 3.1, unene wa sentimita 2.6, na bei ya dola 3,299. Kibodi yake iliwaka taa gizani.

Ukitazama laptopu za inchi 17 za bei ya kawaida zilizotoka tangu hapo, nyingi zimebaki kuwa mzigo wa kubeba. Apple wenyewe waliacha kutengeneza inchi 17 mwaka 2012, na tangu 2019 kubwa yao ni ya inchi 16. Soko lao lilichagua begi jepesi.

Zilizokataa kupakatwa

Halafu wakaja waliotaka sinema nzima ndani ya laptopu. Mwaka 2006 Dell walitoa XPS M2010 yenye skrini ya inchi 20.1. Ilikuwa na mpini kama mkoba wa wakili, kibodi yake ilichomoka, na uzito wake ulikuwa kilo 8.3. Mwaka 2007 HP wakajibu kwa HDX ya inchi 20.1, iliyopewa jina la utani Dragon, ikiwa na kilo 7 hivi.

Jaza maji chini kidogo ya nusu ya ndoo ya lita 20, kisha inyanyue. Uzito huo ndio uliokuwa ukiitwa laptopu. Mashine hizi zilipendwa sebuleni na zikachukiwa mlangoni. Baadaye televisheni bapa zikashuka bei, na haja ya kubeba sinema kwa mpini ikaisha.

Kubwa kupindukia, ghali kupindukia

Iliyopita mipaka yote ni Acer Predator 21 X, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 2016 na kupangiwa bei mwaka 2017: dola 8,999. Skrini yake ya inchi 21 ilipinda, na laptopu nyingine haikuwa imewahi kuwa na skrini ya namna hiyo. Ndani kulikuwa na kadi mbili za picha na feni 5. Ilihitaji chaja mbili kwa pamoja, na ilipita kilo 8.

Mchezaji wa michezo ya kompyuta mwenye chumba chake angeifurahia. Kwa sisi wengine ina somo moja: kila inchi inayoongezwa inadai umeme na inazaa joto, na joto linadai feni. Kwa hiyo unapoona skrini kubwa, geuza mashine uisome chaja yake. Laptopu kubwa ya ofisini huridhika na wati 65 au 90. Ya michezo inaweza kudai 230 hadi 330, na inveta ndogo ya nyumbani au ya gari haitaiweza siku umeme ukikatika.

Zenye vioo vingi

Lenovo walijaribu njia nyingine mwaka 2008. ThinkPad W700ds ilikuwa na skrini ya inchi 17, na pembeni ikachomoza ya pili ya inchi 10.6 kama droo. Mwaka 2017 Razer walipeleka kwenye maonyesho ya Las Vegas mifano ya majaribio ya Project Valerie, kila mmoja ukiwa na skrini tatu za inchi 17.3 zilizojikunjua zenyewe. Mifano hiyo iliibiwa palepale kwenye maonyesho, na mashine haikuingia sokoni.

Nawaelewa wote wawili. Haja yao ilikuwa kama yangu: kuona vitu viwili kwa wakati mmoja.

Nyepesi kuliko ilivyodhaniwa kuwezekana

Mwaka 2019 LG walitoa gram 17: skrini ya inchi 17 ndani ya mwili wa kilo 1.34. Ni mfuko wa unga wa kilo moja na kikombe juu yake. Baada ya miaka 16 tangu ile PowerBook ya kilo 3.1, inchi 17 ilirudi mapajani. Wepesi huo haukuja bure. Mashine ya namna hii haikutengenezwa kwa michezo mizito wala kwa kuhariri video ndefu siku nzima, na bei yake hupita ya laptopu nzito ya ukubwa uleule.

Mwaka 2022 Asus wakaongeza la kwao kwa Zenbook 17 Fold: kioo cha inchi 17.3 kinachokunjwa katikati kikabaki cha inchi 12.5. Ni kazi ya kupendeza, ila kwa mnunuzi wa mara ya kwanza bei yake ilikuwa mbali.

Mpaka usiovukwa

Betri nayo ina kikomo. Kanuni za usafiri wa anga huruhusu abiria kuingia na betri ya hadi wati-saa 100 bila kuomba ruhusa, na ikizidi hapo shirika la ndege lazima likubali. Ndiyo maana watengenezaji huishia 99 au 100 hata kama ndani kuna nafasi ya zaidi. Skrini imekua, betri imegota. Ukinunua laptopu kubwa yenye nguvu, zoea kuishi karibu na soketi.

Hila ya inchi

Hapa nilijikwaa. Inchi hupimwa kwa mshazari, kona hadi kona, kwa hiyo tofauti ya namba ndogo ni kubwa kuliko unavyodhani. Inchi 17.3 ina eneo kubwa kuliko 15.6 kwa asilimia 23 hivi. Lakini eneo siyo wingi wa nukta zinazochora picha kwenye kioo. Mashine niliyouziwa mwanzo, niliambiwa nukta zake ni 1920 kwa 1080. Niliifikisha kwa fundi wa mtaani kwetu aniwekee programu. Akafungua mipangilio ya skrini, akanyamaza kidogo.

“Dada, kioo ni kikubwa lakini nukta zake chache. Hii ni 1600 kwa 900.”

“Kwani kaka, tofauti yake nini?”

“Ile yako ndogo ya zamani ulikuwa unaona nini?”

Tukaziweka sambamba. Inchi 13 yangu ilikuwa na nukta 1920 kwa 1080. Waraka uleule, kioo kikubwa kilionyesha mistari michache. Siku ya pili nilirudi dukani, nikaongeza pesa, nikabadilishiwa.

Kioo cha hiyo niliyonayo sasa kina upana wa sentimita 38.3. Kurasa mbili za A4 zikipangwa pamoja zina sentimita 42. Maana yake waraka wa asili unakaa kushoto, tafsiri kulia, na zote mbili zina ukubwa unaokaribia wa karatasi halisi. Jioni ya kwanza nilitafsiri hati ya kurasa sita bila kufunga dirisha hata moja. Nilipoinuka, shingo haikuniuma.

Wanavyosema walio nazo

Nimewauliza wenzangu wenye laptopu kubwa, na majibu yao yanafanana. Mhariri wa video za harusi anasifu nafasi ya kupanga vipande vyake, analalamikia kelele za feni usiku. Mhasibu anasifu padi ya namba upande wa kulia, ila anasema padi hiyohiyo imesogeza herufi kushoto, na wiki za kwanza mikono yake ilikuwa haijui katikati ni wapi. Mwalimu mstaafu alipandisha ukubwa wa maandishi akaacha kuazima miwani ya mkewe.

Malalamiko yao nayo yanakutana. La kwanza ni begi: begi la kawaida la inchi 15 halifungi zipu, na chaja peke yake inalemea. La pili ni bawaba, kwa kuwa kifuniko kikubwa kinazivuta kuliko kidogo. La tatu ni kioo kikipasuka, maana mafundi wengi huweka akiba ya inchi 14 na 15.6, na cha 17.3 utaagiza na kusubiri. Hata hivyo, nilipowauliza kama wangerudi kwenye inchi 13 kwa kazi zao, hakuna aliyekubali.

Kabla hujatoa pesa

Ukiwa dukani, fungua mipangilio ya skrini usome nukta mwenyewe. Fungua ukurasa mweupe ujaze kioo chote, utafute madoa na vivuli pembeni. Inua kifuniko kwa kidole kimoja katikati, usikilize bawaba.

Lakini anza nyumbani. Kata boksi, upana sentimita 40, kimo 27. Litie kwenye begi lako pamoja na kilo 3 za mchele. Panda nalo daladala asubuhi, shuka nalo, pandisha nalo ngazi za ofisini. Mchana liweke mezani pamoja na sahani yako. Jioni lipakate dakika kumi. Ukifika usiku bado unalitaka, kanunue ile kubwa kwa moyo mweupe. Bega likikuuma, tafuta nyepesi, hata ikikubidi uweke akiba miezi kadhaa zaidi. Na ukigundua boksi halikutoka mezani siku nzima, nunua kubwa yoyote unayoimudu, kisha tumia pesa iliyobaki kununua kiti kizuri.