Njegere za Kopo na Maziwa ya Soya: Kipi Kimfaacho Mtoto?

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika Mkoa wa Njombe takriban nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Kwa hiyo, yampasa mzazi wa Ikonda aelewe anachokinunua dukani.

Gramu 100 za njegere za kopo zina protini ipatayo gramu 4. Lakini joto la kiwandani hupunguza sana vitamini C, na maji ya kopo mara nyingi hutiwa chumvi. Yafaa yamwagwe na njegere zisuuzwe. Maziwa ya soya yana protini ya gramu 3 hivi, karibu sawa na maziwa ya ng'ombe. Hata hivyo, yasipoongezewa virutubisho kiwandani, yana kalsiamu kidogo mno, wala hayana vitamini B12. Yakitengenezwa nyumbani, sharti yachemshwe vema, kwani soya mbichi huzuia mwili kuitumia protini.

Basi, vyakula hivi havibadilishani nafasi, wala hakuna kishikacho nafasi ya maziwa ya mama. Wanachama wauzapo mazao na maziwa, wakumbuke kwanza kuwabakizia watoto fungu lao.