Kijana Anayesimuliwa na Wengine

Maandishi yaliyokusudiwa vijana, yaani wale waliovuka utoto lakini bado hawajaingia utu uzima, yana umri mkubwa katika pwani ya Waswahili kuliko inavyodhaniwa, na sehemu kubwa yake tangu zamani imekuwa ya kuwafunza namna ya kuwa wanawake na namna ya kuwa wanaume. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alipotunga utenzi wake mwaka 1858, alimkusudia bintiye aliyekuwa na umri wa miaka 17 hivi, akamfundisha jinsi mke mwema anavyojipamba, anavyosema na anavyomtunza mumewe. Kazi hiyo ya kufunza haijakoma, kwani wanafunzi wa Mkomani, Kongowea na Kisauni, katika upande wa bara wa Mombasa, wanakua wakisoma riwaya teule za shule ambazo nazo zina mengi ya kuwaambia kuhusu mvulana mwema na msichana mwema. Katika mlolongo huo wote kuna kijana mmoja ambaye hajapewa nafasi ya kusema, naye ni yule anayejihisi moyoni kuwa si mvulana ingawa kila mtu amemwita mvulana tangu azaliwe, au si msichana ingawa ameitwa msichana, au asiyejiona kuwa upande wowote kati ya hizo mbili.

Istilahi zinahitaji kutenganishwa mapema, kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu jambo hili huvurugika hapo. Transijenda ni mtu ambaye jinsia anayojitambua nayo hailingani na ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Wapo pia wasiojihesabu kuwa wanaume wala wanawake, na hao mara nyingi huwekwa katika kundi hilohilo pana. Huntha ni jambo jingine, kwa kuwa neno hilo linahusu maumbile ya mwili ya kuzaliwa yenye dalili za jinsia zote mbili, na wanazuoni wa sheria ya Kiislamu wamelijadili kwa karne nyingi, hasa katika milango ya mirathi na sala. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu mahuntha kwa mara ya kwanza, ikapata watu 1,524. Jambo la tatu ni mapenzi ya watu wa jinsia moja, ambalo linahusu mtu anampenda nani wala si mtu anajiona kuwa nani. Mitaani mambo haya matatu hutupwa katika kapu moja la matusi, na kijana anayelengwa na matusi hayo hukosa hata maneno ya kujielezea mwenyewe.

Si kwamba watu wasiolingana na jinsia waliyoandikiwa hawajawahi kuandikwa katika ulimwengu wa Bahari ya Hindi. Mwaka 1977 mwanaanthropolojia Unni Wikan alichapisha makala kuhusu mahanithi, yaani watu waliozaliwa wanaume wakaishi kati ya wanaume na wanawake, wa Sohar, mji wa pwani ya Oman, nchi ambayo ukoo, biashara na ndoa vimeiunganisha na Mombasa kwa karne kadhaa. Alieleza kwamba watu hao walivaa kanzu za rangi hafifu, zilizokuwa katikati ya weupe wa kanzu za wanaume na michoro mikali ya nguo za wanawake, na kwamba waliketi na wanawake na kuimba nao harusini. Miaka kumi baadaye, mwaka 1987, Gill Shepherd aliandika kuhusu Mombasa yenyewe, akasisitiza kwamba katika mji huu cheo, mali na ufadhili vilikuwa na uzito mkubwa kuliko jinsia katika kueleza maisha ya mashoga na ya wanawake waliopendana. Maandishi hayo ni ya thamani na yanastahili kusomwa, lakini yana upungufu mmoja mkubwa: wanaoelezwa ni watu wazima, wanatazamwa na mgeni, na swali linaloulizwa ni jamii inawaweka wapi. Jinsi mmoja wao alivyokuwa akiwa na miaka kumi na mitatu, aliogopa nini, na alimwambia nani kwanza, hayo mtafiti hakuyatafuta. Hayo ni maswali ya riwaya.

Riwaya za vijana zilizoyashika maswali hayo zilianza kupata wachapishaji wakubwa nchini Marekani mwanzoni mwa karne hii, na kinachovutia zaidi katika historia yake fupi ni namna sauti ya msimulizi ilivyohama. Katika riwaya ya Luna ya Julie Anne Peters, iliyotoka mwaka 2004, anayesimulia ni Regan, dada wa kijana ambaye mchana huitwa Liam na usiku huingia chumbani kwa dada huyo, akavaa nguo za kike mbele ya kioo na kuwa Luna. Msomaji humhurumia Luna, lakini humwona kupitia macho ya mwingine, kwa hofu na uchovu wa mwingine. Miaka mitatu baadaye Ellen Wittlinger aliandika Parrotfish, ambayo Grady, mvulana aliyelelewa kama msichana, anajisimulia mwenyewe. Riwaya hiyo ilipewa jina la pono, samaki anayefahamika vyema katika mabanda ya samaki ya Mombasa, ambaye aina zake nyingi huanza maisha zikiwa majike, kisha baadhi yao hugeuka madume na rangi zao zikabadilika. Rafiki yake Grady anamweleza habari za samaki huyo, na maelezo hayo ya kisayansi, yasiyo na lawama ndani yake, yanampa kijana pumzi ambayo hajaipata nyumbani wala shuleni.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya waandishi ambao wenyewe wameyaishi mambo haya. Kacen Callender, mwenyeji wa kisiwa cha St. Thomas katika Karibi, alitoa Felix Ever After mwaka 2020, riwaya ya kijana Mweusi wa miaka 17 anayesomea sanaa New York, ambaye siku moja anakuta picha zake za zamani zimetundikwa shuleni pamoja na jina alilokwisha kuliacha. Callender hakuridhika kumwonyesha Felix kama mtu aliyevuka kutoka upande mmoja akafika upande wa pili na kutulia, bali amemwacha aendelee kujiuliza hata baada ya kutambuliwa kuwa mvulana, na mwishowe anapata jina jingine linalomfaa zaidi, la mtu ambaye uvulana wake si kamili, lakini pia haukosekani kabisa. Huo ni ujasiri wa kifasihi, kwa sababu wapinzani wa vijana hawa hudai kwamba wanayumba, na mwandishi mwoga angemfanya shujaa wake asiyumbe hata kidogo.

Hata hivyo riwaya iliyokwenda mbali kuliko zote imetoka kwa Mwafrika. Akwaeke Emezi, wa asili ya Kiigbo na Kitamili, aliyelelewa katika mji wa Aba nchini Nigeria, alichapisha Pet mwaka 2019, nayo ikaingia fainali ya Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani katika fungu la vijana. Shujaa wake, Jam, ni msichana transijenda ambaye wazazi wake walimwelewa tangu alipokuwa na miaka mitatu, na suala hilo linamalizwa katika kurasa chache. Kinachobaki ni hadithi ya kutisha ya mji unaodai kwamba hauna tena majitu mabaya, na ya kiumbe anayetoka katika mchoro wa mama yake Jam akitafuta jitu linalojificha katika nyumba ya rafiki yake. Jam hahitaji kuokolewa kutokana na jinsia yake. Yeye ndiye anayemwokoa mtoto mwingine anayeumizwa na mtu mzima. Hapo ndipo ubora wa Pet unapoonekana, kwa sababu kijana aliyezoea kuzungumzwa kama tatizo la familia anapewa tatizo la kweli la kulitatua.

Ikiwa riwaya ya namna hii ingeandikwa kwa Kiswahili, ufundi wake ungekuwa tofauti kabisa. Katika I Wish You All the Best ya Mason Deaver, ya mwaka 2019, sehemu kubwa ya uchungu wa Ben, ambaye hajihesabu mvulana wala msichana, inatokana na viwakilishi vya Kiingereza ambavyo wasemaji wengi huvitumia kumtaja Ben kuwa wa kiume. Kiswahili hakina mzigo huo, na msimulizi anaweza kumfuata mhusika wake sura baada ya sura bila sarufi kumsaliti. Jinsia kwetu hukaa kwingine: katika kaka na dada, katika sketi na suruali ya sare ya shule, katika safu za sala, na katika harusi ambazo wanawake na wanaume husherehekea mbalimbali. Katika nyumba nyingi za Waswahili mvulana mdogo hufuatana na mama yake hadi kwenye vugo na kupamba, sherehe za harusi za wanawake, akala na kulala mapajani mwa shangazi zake huku nyimbo zikiendelea, mpaka siku anapoambiwa mlangoni kwamba amekua na mahali pake sasa ni kwa wanaume. Kwa wavulana wengi siku hiyo ni ya fahari. Kwa mtoto anayejijua kuwa msichana, mlango huo unafungwa mbele ya watu pekee aliojiona kuwa mmoja wao, na hawezi kulia kwa sababu hakuna anayedhani amepoteza kitu. Mwandishi aliyelelewa Mkomani hahitaji kuazima mandhari kutoka ng'ambo akiwa na siku kama hiyo mkononi.

Kwa nini basi kitabu hicho hakimo katika mabegi ya wanafunzi? Sababu moja ni ya kiuchumi. Wachapishaji wa Kenya hutegemea zaidi soko la shule, na kitabu kisichoidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala hupata wanunuzi kwa shida, kwa hiyo mswada wenye utata hukataliwa kabla ya mtu yeyote kuupiga marufuku. Sababu nyingine ni hofu, ambayo ina msingi. Filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, iliyotokana na hadithi ya Mganda Monica Arac de Nyeko na kuhusu wasichana wawili wanaopendana, ilipigwa marufuku mwaka 2018, na Mahakama Kuu ikairuhusu kwa siku saba tu. Nao wazazi wengi wa pwani, Waislamu kwa Wakristo, wanaamini kwa dhati kwamba kitabu cha aina hii kitampotosha mtoto. Imani yao haistahili kudharauliwa, ila inafaa ikumbukwe kwamba mtoto wanayemhofia ameshazaliwa, ameshayasikia matusi, na hakuyapata katika riwaya.

Wala riwaya teule hazikwepi mambo mazito. Chozi la Heri ya Assumpta Matei imewaingiza wanafunzi katika ukimbizi wa ndani na familia zilizosambaratika, na Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, ilimpeleka kijana aitwaye Kongowea, jina la mtaa jirani na Mkomani, kutoka Tanga akivuka mpaka kumtafuta baba. Msomaji anayeweza kumfuata kijana huyo katika upweke wake ana uwezo wa kufuata upweke wa mwingine.

Masimulizi ya watu transijenda tayari yapo nchini, ingawa yamehifadhiwa katika majalada ya mahakama. Mwezi wa Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir aliliamuru Baraza la Kitaifa la Mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke transijenda, cheti kipya cha kidato cha nne chenye jina lake la sasa na kisicho na alama ya jinsia. Alikuwa amefaulu mtihani huo mwaka 2001, na kwa zaidi ya muongo mmoja cheti chake kilimtaja mtu ambaye waajiri hawakumwona mbele yao.

Mombasa nayo imeonyesha kwamba kijana anayekataa umbo alilokatiwa anaweza kuwa shujaa wa kitabu. Khadija Abdalla Bajaber, mwenyeji wa mji huu, aliandika kwa Kiingereza The House of Rust, iliyotoka mwaka 2021 na kushinda Tuzo ya Ursula K. Le Guin ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Aisha, binti wa mvuvi, anaingia baharini katika chombo cha mifupa kumtafuta baba yake, wakati bibi yake angetaka aolewe. Aisha si transijenda, na kumfanya hivyo kungekuwa kumdhulumu mwandishi, lakini njia aliyoipasua iko wazi. Kwa anayetaka kuandika kwa Kiswahili, Tuzo ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 na ambayo baadaye ilipewa jina la Safal-Cornell, hupokea pia miswada ambayo haijachapishwa, na mswada hauhitaji kuidhinishwa kwa matumizi ya shule ndipo usomwe na majaji wake.