Riwaya ya Hukumu za Simu Ianzie Kilosa

Anayetaka kuwaandikia vijana riwaya kuhusu nchi ambamo mitandao ya kijamii imegeuka mahakama hahitaji kubuni mji wa mwaka 2090. Wilaya ya Kilosa inamtosha: vijiji ambako wakulima na wafugaji wanagombea ardhi na maji, na mji wa Mikumi kwenye barabara kuu iendayo Zambia, ambako wageni hupita usiku na mchana. Riwaya ya aina hii huchukua jambo lililopo na kulisukuma hadi mwisho wake. Wengi wangechagua kuusukuma uongo. Mimi ningechagua muda, ule unaobaki kati ya tuhuma na hukumu, ambamo mtuhumiwa hupata kusema. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, Karama anashtakiwa katika nchi dhalimu, lakini anapewa nafasi ya kujitetea na baraza linamsikiliza. Nchi ya kutisha kuliko Kusadikika ni ile ambamo Karama amekwisha kuhukumiwa kabla hajajua kwamba ameshtakiwa.

Nchi hiyo tumeiona. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, mkoa jirani wa Dodoma, watafiti wawili wa kituo cha Selian cha Arusha na dereva wao walikuwa kwenye kazi ya kuchukua sampuli za udongo. Ukazuka uvumi kwamba ni wanyonya damu. Taarifa za wakati ule zilisema hata kipaza sauti cha kanisa kilitumika kuwaita watu. Wote watatu waliuawa na kuchomwa moto. Kuuliza ofisi ya wilaya kungetosha kujua ni akina nani, lakini umati haukusubiri jibu la mtu yeyote.

Kuna atakayesema umati haukuletwa na simu. Ni kweli, na Kilosa ni shahidi: tarehe 8 Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Watafiti Benjaminsen, Maganga na Abdallah, walioyachambua mauaji hayo mwaka 2009, walionyesha jinsi rushwa ilivyowavunja watu imani na vyombo vya serikali. Simu imezikuta sababu hizo palepale na kuziongezea kasi. Chukua picha ya ng'ombe ndani ya shamba la mahindi. Haina tarehe, haionyeshi shamba ni la nani, na pengine ilipigwa mkoa mwingine misimu mitatu iliyopita. Ikiingia kwenye grupu la kijiji saa mbili usiku na maneno "wameingia tena", kila mmoja anaipokea kutoka kwa shemeji au mwalimu anayemwamini, na anaiamini kwa sababu ya aliyeituma. WhatsApp wenyewe waliiona hatari ya kasi hiyo: baada ya mauaji ya uvumi nchini India mwaka 2018, walipunguza usambazaji wa ujumbe hadi mazungumzo matano kwa mara moja, na Januari 2019 wakaieneza kanuni hiyo duniani.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mitandao huwasaidia wanyonge. Mwaka 2024 video ya binti aliyebakwa na genge la wanaume iliamsha hasira ya nchi nzima, na tarehe 30 Septemba mahakama ya Dodoma ikawafunga wanne kifungo cha maisha. Hilo haliwezi kupuuzwa. Lakini hasira ile ilifaa kwa sababu iliishia mbele ya hakimu, na video ileile ilimdhalilisha binti huyo upya kila iliposambazwa. Riwaya inayoficha upande mmoja itakuwa mahubiri, na vijana huyatambua mahubiri upesi sana. Ndiyo maana mhusika mkuu asiwe mzushi wala mrusha mawe. Awe msichana wa kidato cha tatu pale Mikumi, aliyesambaza ujumbe akiamini anaokoa watoto, na ujumbe huo ukamuua mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 humlenga anayechapisha uongo huku akijua ni uongo, na yeye hakujua. Polisi hawatakuwa na swali kwake. Mwenye swali ni mtoto wa marehemu, anayekaa naye dawati moja, na hapo ndipo sura ya kwanza inapopaswa kuanza.